Nice Aliyemo Kwenye Kofia

Asubuhi ya Kerende, kijiji cha Tarime, huanza kwa vumbi. Malori ya kwanza yanapita, kuku wanakimbilia uani, na kina mama wanafunika ndoo zao za maji. Siku hiyo Nyangi alikuwa ameshakamua, ameshafagia, na ameshamtuma binti yake Precious shuleni. Alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akipepeta ulezi. Mikono ilikuwa kwenye ungo. Macho yalikuwa kwa mumewe.

Mumewe aliitwa Nchagwa, dereva wa bodaboda. Kwa kawaida saa hizo huifuta pikipiki yake kwa kitambaa huku akipiga mluzi. Siku hiyo hakukuwa na kitambaa wala mluzi. Alikuwa ameketi juu ya pikipiki nyuma ya zizi la ng'ombe, amempa mkewe mgongo. Kofia yake ngumu ilikuwa mapajani. Simu ilikuwa mkononi. Na alikuwa anaongea kwa sauti ya chini.

"Nice," alisema. "Kubali basi, Nice."

Ungo ukasimama.

"Jana ulikuwepo," Nchagwa aliendelea. "Leo unajificha wapi?"

Nyangi aliweka ungo chini. Alitembea polepole mpaka kwenye zizi.

"Baba Precious, unaongea na nani?"

Nchagwa alishtuka. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Na nani? Naongea na pikipiki. Inasumbua kuwaka."

"Inaitwa nani?"

"Pikipiki ina jina?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Mama Precious, ulezi wako unaliwa na kuku."

Akavaa kofia, akapiga kiki, na pikipiki ikawaka mara moja bila kusumbua. Nyangi alibaki amesimama ndani ya vumbi lake.

Ukweli ulikuwa hivi. Kwa miaka mingi Nchagwa alipokea simu za wateja akiwa barabarani. Aliisukuma simu ndani ya kofia, kati ya shavu na sponji, kisha akaendesha kwa mkono mmoja huku akiongea. Karibu madereva wote wa kijiweni kwao walifanya hivyo. Kisha mwenzao mmoja, Kisyeri, akaanguka. Simu ilichomoka kwenye kofia, naye akajaribu kuidaka. Alivunjika mfupa wa bega. Nchagwa alisaidia kumtoa mtaroni, na tangu siku hiyo kila simu ilipoita barabarani alimkumbuka Kisyeri.

Alipopeleka abiria Sirari, mpakani, aliona dukani spika ndogo za kubandika ndani ya kofia ngumu. Spika hizo huungana na simu bila waya, kwa njia ya Bluetooth. Simu inabaki mfukoni. Dereva anasikia na kuongea huku mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Nchagwa alizinunua. Lakini hela aliyotumia ilikuwa ya bati za jiko. Yeye na mkewe walikuwa wameiweka pamoja kwa ajili hiyo. Ndiyo maana alinyamaza. "Nitamwambia zikishafanya kazi," alijisemea.

Tatizo ni kwamba hazikufanya kazi. Na huko kiwandani zilikotengenezwa, spika hizo zilikuwa zimepewa jina la NICE.

Hayo yote Nyangi hakuyajua.

Nyangi alikuwa anajifunza kusoma. Utotoni, kwao Nyarero, alichunga ng'ombe wakati wenzake wakienda shule. Sasa alihudhuria darasa la watu wazima la Mwalimu Faudhia. Mwalimu huyu alifundisha sekondari mchana na kina mama jioni. Alikuwa amehamishiwa Tarime kutoka Tanga, na hakupenda kuona Kiswahili kikidharauliwa.

"Simu zenu zinajua Kiswahili," aliwaambia wanafunzi wake. "Kwa nini mnaziacha ziwasemeshe Kiingereza ndani ya nyumba zenu? Badilisheni lugha. Kila mmoja atakuwa na kitabu mfukoni."

Nyangi akabadilisha simu yake, kisha ya mumewe. Nchagwa alilalamika kidogo, halafu akazoea. Yeye hakusoma maandishi ya simu. Alibonyeza kwa kukumbuka mahali.

Jioni moja simu ya Nchagwa ilikuwa mezani. Mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kuangalia kitu kwenye kofia. Kioo cha simu kilikuwa kinawaka. Nyangi akasogea. Hakuwa na nia mbaya. Alisogea kusoma, kama alivyosoma maandishi ya mfuko wa unga na kopo la majani ya chai. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza.

"U-nge-pe-nda," alisoma. Ungependa. Lilikuwa neno la adabu. Neno la pili lilikuwa refu. "Ku-o-a..." Kidole kikasimama. Akaanza tena. "Ku-o-a-ni-sha." Kisha, "na." Kisha jina kwa herufi kubwa.

Jina hilo hakuhitaji kulikata vipande. Alishaliona limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibanda cha Nice, muuza mitumba wa kijiji jirani cha Nyangoto.

*Ungependa kuoanisha na NICE?*

Nyangi alikuwa hajawahi kusikia neno kuoanisha. Nyumbani walizungumza Kikurya. Kiswahili alikipata sokoni, zahanatini na redioni. Lakini kuoa alilijua. Kuoana alilijua. Kuoza na kuozesha aliyajua pia. Neno hili jipya lilikuwa na sura ya ukoo huo huo.

Chini ya swali kulikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa "Oanisha". Lingine lilikuwa "Ghairi". Ghairi maana yake ni kuacha jambo ulilotaka kufanya. Walijifunza neno hilo darasani. Nyangi alilibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayemuua kupe. Swali likapotea.

Nchagwa alirudi, akaitazama simu.

"Ah," alinung'unika. "Alikuwa karibu kukubali."

"Nani alikuwa karibu kukubali?"

"Mtandao."

"Mtandao," Nyangi alirudia. Alilirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayeonja maziwa yaliyokaa.

Tangu jioni hiyo, hakuna kitu cha nyumbani kilichobaki kuwa cha kawaida. Nchagwa akichana nywele, Nyangi aliangalia. Nchagwa akicheka na simu, Nyangi alisikiliza. Halafu likaja jambo la ng'ombe.

"Nitawapeleka wale wawili kwa shemeji," Nchagwa alisema wakiwa wanakula. Shemeji huyo aliishi ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. "Huku majani yamekwisha."

Zamani Nyangi angesema sawa. Sasa aliacha kutafuna. Ng'ombe hao aliwalea mwenyewe tangu wakiwa ndama. Yeye na Nchagwa walikubaliana kwamba ndio watakaomsomesha Precious sekondari. Na Nyangi aliona tangu utotoni kwamba ng'ombe wanaotoka zizini kimyakimya huenda kuleta mwanamke. Mke wa pili akija na ng'ombe wakiondoka, Precious atasomeshwa kwa kitu gani?

"Shemeji ndiye aliyewaomba?" aliuliza.

"Tumeongea."

"Wewe na yeye tu?"

"Ulitaka tuongee na nani?"

Nyangi alimega tonge, akalirudisha sahanini.

Siku iliyofuata, Nchagwa alipoingia kuoga, Nyangi aliichukua ile kofia. Aliinusa. Haikunukia manukato ya mtu. Ilinukia jasho na petroli. Pembeni alipapasa kitu kigeni, kidude cheusi chenye kitufe. Akasogeza sikio ndani ya kofia na kukibonyeza.

Mwanamke akaongea.

Aliongea Kiingereza, maneno mawili tu, sikioni kabisa. Ilikuwa sauti laini, ya mwanamke asiyewahi kupepeta ulezi. Nyangi aliiachia kofia ikaanguka sakafuni.

"Kofia imeanguka?" Nchagwa aliuliza kutoka bafuni.

"Imeanguka yenyewe."

"Yenyewe vipi?"

"Kama pikipiki yako inavyoongea."

Nchagwa alitoka na maji mwilini. Aliigeuzageuza kofia, kisha akamtazama mkewe. Naye sasa alikuwa na shaka. Je, mama Precious ameshajua habari ya hela ya bati? Akaiweka kofia juu ya kabati, mahali mkewe asipofikia. Nyangi aliona. Kila mmoja akalala na siri yake.

Nyangi akaamua kwenda Nyangoto kumwona huyo Nice kwa macho yake. Alimkuta akikunja suruali za jinzi kibandani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye meno meupe na mdomo usiotulia.

"Karibu dada, chagua. Mzigo mpya huu."

"Nimekuja kuangalia."

"Angalia. Macho hayachani nguo."

"Unamfahamu Nchagwa? Dereva wa Kerende."

"Yule wa pikipiki nyekundu? Anayevaa soksi mbili zisizofanana?"

Nyangi alihisi shingo ikipata moto. "Soksi zake umezionea wapi?"

"Miguuni, dada. Pikipiki haina mlango."

"Kila asubuhi anakuita jina lako."

Nice aliacha kukunja. "Mimi? Basi sauti yake haifiki huku."

"Na simu yake imeandika kwamba anataka kukuoa."

Wauzaji wa vibanda vya jirani walinyamaza ili wasikie vizuri. Nice alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wa nguo.

"Sikiliza, dada yangu," alisema akijifuta machozi. "Nina mume. Ni fundi wa malori, na mkono wake ni mzito kama nyundo anayoshika. Huyo wako akitaka kunioa, mwambie aje, ila asiivue hiyo kofia ngumu. Ataihitaji."

Watu wakacheka. Nyangi aliondoka na aibu, lakini hakuondoka na amani. Mwenye hatia naye anaweza kucheka, aliwaza. Tena yeye ndiye anayecheka zaidi.

Alasiri hiyo Nchagwa alirudi nyumbani akichechemea. Kiwiko kilikuwa kimechubuka na shati lilikuwa na damu. Simu ilikuwa imechomoka kwenye kofia alipokuwa akiteremka kuelekea mtoni. Alipoinamisha kichwa kuizuia, pikipiki iliyumba ikamlaza kwenye kokoto. Kwa bahati hakuwa na abiria.

Nyangi alichemsha maji ya chumvi. Alikisafisha kidonda kwa uangalifu, lakini maneno yake hayakuwa ya upole.

"Nani alikuwa anakupigia?"

"Mteja."

"Mteja huyo hana jina?"

"Mama Precious, nimeanguka."

"Nimeona. Nauliza ulikuwa unaongea na nani mpaka ukaanguka."

Nchagwa angeweza kusema yote hapo. Angesema kwamba alinunua spika ili asianguke, na kwamba zimemshinda. Lakini alifikiria bati, akafumba mdomo. Kwa Nyangi, ukimya huo ulikuwa jibu.

"Kesho ng'ombe hawatoki," alisema akifunga kitambaa. "Kwanza twende kwa baba mkubwa. Ukishindwa kunijibu mbele yake, mimi na Precious tunakwenda Nyarero kwa wazazi wangu. Na nguo zangu nimeshazifunga."

Nchagwa alitazama kitandani. Kweli, kulikuwa na furushi.

Baba mkubwa wa Nchagwa aliitwa Mzee Simioni. Kesho yake walimkuta barazani kwake akitia mpini kwenye jembe.

"Shikamoo baba," Nyangi alisema.

"Marahaba. Kaeni. Naona mmoja ana bandeji na mwingine ana hasira."

"Nimemwita na Mwalimu Faudhia," Nyangi alisema. "Jambo lenyewe lina neno la Kiswahili. Sitaki mtu aligeuze."

Muda si mrefu pikipiki ndogo iliingia uani. Mwalimu Faudhia aliizima, akavua kofia ngumu, akaweka sawa mtandio wake. Aliamkia, akapewa kiti.

Mzee Simioni aliweka jembe pembeni. "Mura," alimwambia Nchagwa, kama Wakurya wanavyomwita kijana wao. "Mkeo anasema unaoa."

"Sioi, baba."

"Nice ni nani?"

Nchagwa alimgeukia mkewe. "Wewe umemjuaje Nice?"

"Ahaa," Mzee Simioni alisema.

"Hapana, baba, si hivyo. Nice ni spika."

"Nimekaa vikao vingi," mzee alijibu. "Nimesikia mwanamke akiitwa mgeni. Nimesikia akiitwa binamu. Akiitwa spika sijasikia."

Mwalimu Faudhia aliinua mkono kidogo. "Mzee, naomba nimuulize mwanafunzi wangu. Mama Precious, simu iliandika nini hasa?"

Nyangi alikuwa ameyahifadhi maneno yale kama jiwe kwenye kiatu. "Ungependa kuoanisha na NICE."

Mwalimu hakucheka. "Umesoma sawasawa. Hukukosea herufi hata moja. Kilichokupotea ni maana, na mimi sikuwahi kuwafundisha neno hilo. Niambie, ukinunua kitenge na kilemba, unaangalia nini?"

"Kama rangi zinapatana."

"Sisi kwetu tunasema rangi zinaoana. Hakuna mahari hapo. Zinakwenda pamoja tu. Kuoanisha ni kufanya vitu viwili vipatane vifanye kazi pamoja. Simu haiijui spika. Spika haiijui simu. Mwenye simu anazitambulisha mara moja. Baada ya hapo, kila zikiwashwa karibu karibu, zinaungana zenyewe."

"Kwa hiyo hazifungi ndoa," Mzee Simioni alisema.

"Hazifungi, mzee."

Nyangi hakulegea. "Na mwanamke aliyemo ndani ya kofia? Nimemsikia kwa sikio langu."

Nchagwa aligeuka. "Kumbe ndiyo maana ilianguka."

Mwalimu Faudhia aliichukua kofia yake mwenyewe. Nayo ilikuwa na kidude cheusi pembeni. "Weka sikio hapa," alisema, akabonyeza.

Nyangi alisikiliza. Macho yake yakasinyaa. "Ni huyu huyu."

"Ni huyu huyu. Sauti yake imerekodiwa kiwandani. Anasema kwamba kifaa kimewashwa. Yumo kwenye kofia nyingi, na hakuna aliyemuoa."

"Maneno mnayo mengi," Nyangi alisema. "Nionyesheni kwa vitendo."

"Ndivyo inavyotakiwa," mwalimu alijibu. "Baba Precious, pikipiki yako umeizima? Vizuri. Kazi hii haifanywi barabarani. Spika zina chaji?"

"Nilizichaji zikajaa."

"Ziwashe kama unavyoziwasha siku zote."

Nchagwa alibonyeza kitufe na kukishikilia kidogo tu. Taa ndogo ya bluu ikaanza kuwaka na kuzimika polepole.

"Hapo zimewaka tu," mwalimu alisema. "Dukani muuzaji alikuonyesha kwamba ni nzima?"

"Ndiyo. Alizijaribu kwa simu yake."

"Basi zinaikumbuka simu yake. Ukiziwasha hivi zinamtafuta yeye. Wewe uko zizini unasema kubali, zenyewe zinaita Sirari."

Mzee Simioni alitikisa kichwa. "Kumbe Nice ana mwenyewe."

Hata Nchagwa alicheka. Nyangi bado.

"Zizime," mwalimu aliendelea. "Sasa bonyeza tena kitufe, ukishikilie. Usiachie. Siku nyingi ulikuwa unaachia mapema; ukichelewa kwa bahati, ndipo jina linatokea. Subiri mpaka taa iwake nyekundu na bluu kwa kupokezana."

Nchagwa alishikilia. Bluu ikawaka, akataka kuachia, mwalimu akamzuia. Kisha zikaja rangi mbili, nyekundu, bluu, nyekundu, bluu.

"Sasa zimefungua mlango kwa simu mpya. Spika nyingi ziko hivi. Zako zikitofautiana, soma karatasi iliyokuja nazo au umuulize muuzaji. Mama Precious, chukua simu. Wewe ndiye msomaji."

Nyangi aliichukua simu ya mumewe. Alisoma kwa sauti, kidole kikiwa chini ya maneno. "Mipangilio." Akabonyeza. "Bluetooth. Imewashwa." Chini yake palikuwa na maneno mengine. "Oanisha kifaa kipya." Alibonyeza, wakasubiri. Majina mawili yalitokea. La kwanza lilikuwa la simu ya mwalimu. La pili lilikuwa NICE.

Aligusa jina hilo kwa ncha ya kidole. Swali lile lile likatokea. Safari hii aliona na mstari mdogo chini yake, wenye kisanduku cha kutia alama. Uliomba ruhusa ya kuona majina na namba za watu waliomo kwenye simu.

"Hapo pana alama?" mwalimu aliuliza.

"Hapana."

"Paache hivyo hivyo. Kofia inaweza kukupa sauti bila kujua majina ya ndugu zako. Usitoe ruhusa isiyohitajika. Na jambo lingine. Siku moja unaweza kuwa umekaa sokoni, hujagusa kitu, na ombi kama hili likaja lenyewe kutoka kwa kifaa usichokijua. Hilo ulikatae. Bonyeza Ghairi."

"Kama nilivyofanya," Nyangi alisema.

Mzee Simioni aliegemea mbele.

"Ulifanya lini?" Nchagwa aliuliza.

"Jioni ile ulipoiacha simu mezani. Ulisema alikuwa karibu kukubali. Alikuwa amekubali. Mimi ndiye niliyemkataa."

Nchagwa alishika kiwiko chake chenye bandeji bila kukusudia. Nyangi alikiona kile kiwiko. Kama asingebonyeza Ghairi siku ile, simu ingekuwa mfukoni siku aliyoanguka.

"Ungeniambia," alisema kwa sauti iliyoshuka.

"Niliogopa. Hela ya spika ni ile ya bati."

Nyangi aliinua macho kutoka kwenye simu. "Nilijua kuna kitu," alisema. "Nilikosea kitu chenyewe."

"Na ng'ombe," Mzee Simioni aliongeza, "mimi ndiye niliyemwambia awavushe. Mbavu zao unazihesabu ukiwa barabarani. Mvua ikinyesha watarudi. Mura, ulikuwa na mdomo, kwa nini hukumwambia mkeo kwamba nilikutuma?"

Nyangi alirudisha macho kwenye kioo, akabonyeza "Oanisha". Taa nyekundu ikazimika. Bluu ikabaki. Ndani ya kofia yule mwanamke akasema neno moja, na kwenye simu pakaandikwa kwamba kifaa kimeunganishwa.

"Jina linabadilishwa?" Nyangi aliuliza.

"Linabadilishwa ndani ya simu. Gusa jina, kisha gusa alama ya kalamu."

Nyangi alifuta herufi moja moja, E, C, I, N. Akaandika KOFIA.

"Sikieni kabla sijaondoka," Mwalimu Faudhia alisema. "Spika hizi si ruhusa ya kupiga soga unapoendesha. Sauti iwe ndogo, usikie honi na ng'ombe na watoto. Simu ikiita, usiitoe mfukoni. Kama ni lazima, bonyeza kitufe cha kofia, sema neno moja, kwamba utapiga. Maongezi yenyewe ni pembeni ya barabara, ukiwa umesimama. Ukiongea huku unakimbia, mikono itakuwa kwenye usukani, lakini akili itakuwa kwa mteja."

"Sasa tuzijaribu," Nchagwa alisema. Alivaa kofia, akatembea mpaka mwisho wa shamba la mihogo, simu ikiwa mfukoni. Nyangi alipiga kwa simu yake. Walimwona Nchagwa akigusa pembeni ya kofia.

"Unanisikia?" Nyangi aliuliza.

"Nakusikia," Nchagwa alijibu.

Nyangi aliwapa wenzake mgongo. Akaiziba simu kwa kiganja na kushusha sauti. Kwa Kikurya, kwa unyonge ambao hakutaka wengine wauone, alimuuliza mumewe swali aliloshindwa kumuuliza muda wote huo. Je, ana mpango wa kuoa mke wa pili?

Mtu aliyezibwa masikio na kofia hajui ukubwa wa sauti yake. Nchagwa alijibu kwa Kikurya, na jibu lake lilivuka shamba, likavuka uwanja, likafika mpaka kwa kina mama waliokuwa wanateka maji bombani. Wote waligeuka. Mmoja aliinama akicheka, maji yakimwagikia miguuni.

Mwalimu Faudhia hakujua Kikurya. "Anasema nini?" aliuliza.

Mzee Simioni alichukua jembe lake na kuendelea kutia mpini.

"Anasema mke huyu mmoja tu ameshindwa kumficha spika," alitafsiri. "Wake wawili atawaficha nini?"

Nyangi alikata simu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alipogeuka, walimwona anacheka.

Furushi lilifunguliwa siku hiyo hiyo. Ng'ombe walivuka mto, na Nyangi mwenyewe aliwasindikiza mpaka kwa shemeji, akaona majani kwa macho yake. Bati zilichelewa. Lakini Nchagwa alianza kuendesha kwa mikono miwili, na wateja wake walizoea kusikia, "Naendesha, nakupigia sasa hivi." Abiria wenye watoto walianza kumchagua yeye kijiweni. Wenzake walipoona, nao walinunua spika. Zilipowashinda, walizileta Kerende kwa Nyangi, kwa sababu yeye alisoma kila neno na hakubonyeza kitu asichokielewa.

Mmoja wao alikuwa Sylvester, aliyeoa mwaka huo huo. Alikuja na kofia mpya na simu yenye kioo kilichopasuka.

"Shemeji, nisaidie. Inakataa."

"Zima pikipiki kwanza," Nyangi alisema.

Alishikilia kitufe mpaka rangi mbili zikaanza kupokezana. Akatafuta kwenye simu. Jina likatokea, akaligusa, swali likaja.

"Ungependa kuoanisha na LILY," Nyangi alisoma. Akainua macho. "Huyu ni spika?"

"Spika, shemeji. Nakuhakikishia."

"Mkeo anamjua?"

Sylvester alikuna shingo. "Bado sijamwambia."

Nyangi aliondoa kidole kwenye kioo, akaifunika simu kwa kiganja.

"Nenda kamlete kwanza," alisema.